Armando Tanzini wa Malindi: nyumba, sanamu, na banda la Venice

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Shella anasomea upambaji na usanifu wa ndani ya nyumba, chuo kiko Mombasa. Mwalimu wao amewapa kazi: kila mwanafunzi aandike juu ya mbunifu mmoja wa Pwani ambaye pia ni msanii. Alinikuta barazani baada ya Alasiri, akaniamkia, akakaa.

"Ami, nimechagua Tanzini. Lakini kila nilichopata ni cha Kiingereza au Kitaliano, na kila mmoja asema lake. Wewe wamjuaje?"

Nilimwambia ninayoyajua, kisha nikaona ni aibu kwamba mji uliokaa na mtu huyu kwa miongo kadhaa hauna hata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumpa mtoto asome. Basi makala haya ni ya kijana yule, na ya yeyote atakayeuliza swali kama lake.

Ni nani

Armando Tanzini ni Mwitaliano aliyeyafanya maisha yake hapa Malindi. Amejulikana kama mchoraji, mchongaji, na mbunifu wa majumba, nje na ndani. Kazi yake inayojulikana zaidi mjini ni hoteli ya White Elephant iliyo ufukweni, ambayo ni mahali pa kulala na pia nyumba ya sanaa: sanamu bustanini, picha ukutani, na samani ambazo zenyewe ni kazi za kuchongwa.

Hakuja peke yake. Waitaliano wa Malindi wana historia yao, na mlango wao mmoja ulikuwa Ngomeni. Mwaka 1967 Italia ilirusha setilaiti yake San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini kule. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea uhuru wetu, hapo hapo ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Wataalamu walikuja, wakaona bahari, wakawaambia jamaa zao. Baada yao wakaja watalii, wenye hoteli, wajenzi, na wasanii. Leo muuza samaki wa Malindi anakuhesabia bei kwa Kitaliano bila kufikiri.

Miongoni mwa waliokuja alikuwamo pia mshairi Sarenco, jina lake halisi Isaia Mabellini, aliyezaliwa 1945 na kufariki 2017. Yeye aliishi kwa muda mrefu kati ya Italia na Malindi, akikusanya sanaa ya kisasa ya Afrika na kuipeleka kwenye maonyesho ya Ulaya. Namtaja kwa sababu watu wa nje hupenda kumzungumzia Tanzini kama aliyekuwa mmoja tu, jambo ambalo si kweli. Kwa miaka mingi Malindi ilikuwa na wageni waliojenga, waliochora na waliokusanya, wote kwa pamoja, na wasanii wetu waliwazunguka.

Nyumba zenyewe

Ukiingia katika majumba ya ufukweni yaliyojengwa Malindi tangu wakati ule, utaujua mtindo wake mara moja. Paa la makuti lililoinuka juu sana. Sebule isiyo na ukuta upande wa bahari. Kuta nyeupe zisizo na pembe kali. Viti na vitanda vilivyojengwa pamoja na nyumba, juu vikawekwa magodoro na mito. Sakafu ya mawe ya Galana. Nguzo za magogo, na mlango mkubwa wa kuchonga.

Wageni wengi huuita mtindo wa Kitaliano. Mimi nimezaliwa Shella, na nikiutazama naona nyumba ya bibi yangu iliyopanuliwa. Kiti kile kilichojengwa na nyumba ni baraza. Tundu la ukutani linalowekwa taa au sanamu ni kidaka. Zamani zidaka zilichongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi. Jiwe hilo huchongeka kwa urahisi likiwa bado na unyevu, kisha hewa hulifanya gumu. Weupe ule wa kuta ni chokaa, na chokaa yetu ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la kuni. Hata umbo la vyumba vya kale, virefu na vyembamba, lilikuwa na sababu: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na boriti haizidi pale mti ulipokoma.

Tanzini na wenzake walichofanya ni kuvichukua vitu hivi na kuvifungua. Nyumba ya Kiswahili ya mawe hutazama ndani, kwenye ua, kwa ajili ya sitara na kivuli. Nyumba ya ufukweni ya mgeni hutazama bahari. Huo ni ubunifu wa kweli, siukatai. Kugeuza uso wa nyumba nzima kunahitaji jicho, na kuna majumba ya aina hiyo hapa Malindi ambayo ukikaa ndani yake saa saba mchana hutamani kuondoka.

Lakini mtindo huu haukutengenezwa na mtu mmoja. Umetengenezwa na mafundi wa chokaa, wasusi wa makuti kutoka vijiji vya nyuma ya mji, maseremala wa Shella na Lamu, na wachonga mawe. Mchoro ulikuwa wa mbunifu. Kujua kwamba makuti yakilazwa chini mno mvua ya masika itapita, hayo yalikuwa ya fundi.

Banda la Kenya

Sasa tuje kwenye jambo lililolifanya jina la Tanzini livuke bahari.

Mjini Venice, Italia, hufanyika maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo Biennale, yaliyoanza 1895. Mbali na onyesho kuu, kila nchi inaweza kuwa na banda lake. Utaratibu wake kwa ufupi ni huu: serikali ya nchi humteua kamishna, kamishna humchagua msimamizi wa maonyesho, msimamizi huchagua wasanii, na gharama zote ni za nchi husika. Nchi za zamani zina majengo yao ya kudumu. Nchi kama yetu hukodi ukumbi mjini, na Venice hakuna cha bei rahisi. Serikali isipotoa fedha, atakayetoa ndiye atakayeamua nani aning'inizwe ukutani. Ukishaelewa hilo, mengine yote yanafuata.

Mwaka 2003 Kenya iliwakilishwa Venice na wasanii wawili, na wote walikuwa wa Malindi: Armando Tanzini na Richard Onyango. Onyango ni mchoraji wetu ambaye ameishi hapa miaka mingi. Amewahi kuwa mpiga ngoma wa bendi, na anajulikana duniani kwa picha zake za Drosie, mwanamke wa Kizungu mnene aliyempenda, alizozichora kama anayesimulia maisha yake ukurasa kwa ukurasa. Kazi zake zimo katika mkusanyo wa sanaa ya Afrika wa Jean Pigozzi. Waulize vijana kumi wa Malindi kama wanamjua.

Mwaka 2013 banda la Kenya lilirudi. Kamishna alikuwa Paola Poponi, na usimamizi wa maonyesho alishirikiana na Sandro Orlandi. Wote ni Waitaliano. Katika orodha ya wasanii, waliozaliwa Kenya walikuwa wawili tu: Kivuthi Mbuno, mkongwe wa picha za wanyama na wawindaji, na Chrispus Wangombe Wachira. Tanzini alikuwamo. Waliobaki karibu wote walikuwa Wachina. Watu walilalamika, lakini mambo yakapita.

Mwaka 2015 hayakupita. Orodha ilipotoka, ilikuwa na Tanzini, Yvonne Apiyo Braendle-Amolo, Mkenya aishiye Uswisi, na kundi la wasanii wa China. Wasanii wa Nairobi walikasirika, waraka wa malalamiko ukazunguka na kutiwa saini. Michael Soi akachora mfululizo wa picha alioupa jina la Shame in Venice, yaani aibu mjini Venice. Uchungu ulizidi kwa sababu mwaka huo onyesho kuu lilikuwa chini ya Okwui Enwezor wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo, na Mkenya Wangechi Mutu alikuwa amechaguliwa kushiriki humo kwa uwezo wake mwenyewe. Yaani Mkenya alikuwa Venice, ila si ndani ya banda la Kenya. Waziri wa michezo, utamaduni na sanaa wa wakati huo, Hassan Wario, akatangaza kwamba serikali haihusiki na banda lile.

Lawama ni ya nani

Hapa ndipo kijana aliponiuliza, "Sasa ami, niandike kwamba alikosea?"

Nilimjibu aandike yaliyotokea, kwa mpangilio, kisha ajiulize swali lililo gumu zaidi: mlango ulifunguliwaje?

Mtu aliyeishi nasi miaka yote ile, akajenga kwa mawe yetu na mbao zetu, sioni haya kumwita mtu wa Malindi. Kuwamo kwake pekee hakukuwa tatizo langu. Mwaka 2003 walisimama wawili, yeye na Onyango, na mtu angeweza kusema kwamba mji huu ndio ulivyo, wenyeji na wageni bega kwa bega. Tatizo la 2013 na 2015 ni kwamba bega moja lilikuwa karibu halipo. Jina la nchi lilisimama mlangoni, na ndani wenye nchi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole viwili.

Na waliouacha mlango wazi ni sisi. Banda la taifa haliwi banda la taifa bila idhini ya ofisi fulani ya taifa. Wizara haikuwa na bajeti, haikuwa na kamati ya kuchagua wasanii, haikuwa na mtu wa kuuliza "Hawa ni nani?" Nyumba isiyo na mlinzi haiwezi kumlaumu aliyeingia tu; ilaumu pia aliyekwenda kulala na funguo mlangoni.

Kelele zile zilizaa kitu. Mwaka 2017 Kenya ilikwenda na banda lililosimamiwa na Mkenya, Jimmy Ogonga, lenye jina la Another Country. Wasanii walikuwa Arlene Wandera, Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Richard Kimathi, na jozi ya Mwangi Hutter. Fedha za serikali zilichelewa, kazi ikafanywa kwa shida. Mwaka 2022 Ogonga alirudi na Dickens Otieno, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani. Ni Wakenya watupu, na kazi zao zilisemwa vizuri. Ila ukiisoma orodha hiyo ya pili, utaona Malindi haimo tena. Tulianza na wasanii wawili wa mji huu mwaka 2003, na leo hatuna hata mmoja. Hilo nalo tuliangalie tukimaliza kusherehekea.

Kukusanya na kusahau

Kijana aliniuliza pia kuhusu kukusanya sanaa, maana mwalimu wake anataka sehemu hiyo. Nilimpa mfano usiomhusu Tanzini hata kidogo, bali unaowahusu watu wa pwani hii.

Wamijikenda, na hasa Wagiriama, huwasimamishia kigango wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Ni mti wa kuchongwa, wenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, na kila kimoja ni cha mtu mwenye jina na ukoo. Kigango hakihamishwi. Miaka ya 1970 na 1980 vilianza kuibwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa, na vingi vikaishia katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Vilipendeza ukutani. Mbunifu wa ndani anaweza kukuambia kwamba mti mrefu mwembamba hufaa kona ya sebule nyeupe, na huko ndiko vilikowekwa.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango vya nduguze wawili. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ilipita, kisha vikatambuliwa Marekani kwa sababu ya picha ile, kimoja katika makumbusho ya Illinois na kingine katika chuo kikuu cha Hampton, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha vigango 30, vilivyofika Nairobi 2019 na kukwama uwanja wa ndege kwa madai ya ushuru.

Kilichoviokoa vile viwili ni picha yenye jina la mwenyewe. Vingine vingi vilirudi bila mtu kujua ni vya mzee gani. Kitu kizuri kikipoteza jina, hata kikirudi hakijui mlango wa kwao.

Mlango wa mjomba

Nitasema langu moja, kisha nimalize.

Mjomba wangu alikuwa seremala hapa Shella. Aliwahi kuchonga mlango wa jumba moja la ufukweni. Halikuwa la Tanzini, na mwenyewe simtaji. Kazi ilimchukua miezi mitano. Nilikuwa mtoto, nikimpelekea chai na mahamri, na kumwona akichora maua ya yungiyungi kwa penseli juu ya mvule kabla ya kushika patasi. Alilipwa alichopatana, hakuibiwa.

Miaka mingi baadaye niliuona mlango ule katika kitabu kikubwa cha picha cha nyumba za pwani, mezani kwa mtu. Nilitambua kosa dogo katika jani la chini kushoto, pale patasi ilipoteleza siku mimi nilipomwita ghafla. Chini ya picha palikuwa na jina la mwenye nyumba, jina la mbunifu, na jina la mpiga picha. Nilimpelekea mjomba habari. Akauliza tu, "Mafuta wanaupaka?" Hakuuliza la jina. Mimi ndiye niliyekasirika, na mpaka leo sijui kama hasira ile ilikuwa haki yangu au yake.

Lakini najua hili: mbunifu yule hakumdhulumu kwa kusudi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba fundi naye huandikwa.

Kwa kijana na wenzake

Ukienda Gede, mwendo wa kilomita 16 hivi kutoka hapa, utakuta nyumba zilizopewa majina kwa vitu alivyovikuta James Kirkman alipochimba kuanzia 1948. Kuna Nyumba ya Fedha za Kichina. Kuna Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mji ule uliachwa karne ya 17, na tangu 2024 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Yaani kabla ya Biennale yoyote, Mchina na Mvenice walikuwa wamekwisha kukutana katika vidaka vya ukuta wa Mswahili. Kuchanganyika hakukutuua. Ila nyumba zile tunaziita kwa majina ya ushanga na sarafu, kwa sababu jina la aliyejenga hakuna aliyeliandika.

Kwa hiyo namwambia kijana: mwandike Tanzini kwa haki. Andika kwamba aliipenda pwani hii na akaona kwenye boriti na chokaa kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tunakibomoa ili tujenge kwa bloku na mabati. Andika ya 2003, ya 2013 na ya 2015, usiongeze na usipunguze. Kisha nenda ukamtafute Richard Onyango, ungali na nafasi ya kumuuliza kwa mdomo wako. Nenda White Elephant, omba ruhusa kwa adabu, tazama kazi moja, na uulize nani aliyeshika patasi. Wakikujibu, andika.

Na kwa wenye majumba na wabunifu wanaosoma ukurasa huu, ombi langu halina gharama. Mlango ukikamilika, mwambieni fundi aandike jina lake na mwaka nyuma ya fremu, upande wa ukutani ambako mgeni haoni. Nendeni pia na orodha ya mafundi wenu kwenye jumba la makumbusho la Malindi, waiweke. Kaunti ya Kilifi ina idara ya utamaduni. Daftari moja haliwezi kuishinda.

Mjomba alifariki kitambo. Aliitwa Fundi Omari na watu wa Shella, na mlango ule bado upo. Nimepita juzi. Wanaupaka mafuta.